Asubuhi ya Tatu ya Springi

Alikuwa fundi makochi, na kituoni sote tulimwita Springi, kwa mwendo wake wa kudundadunda na kwa kuwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa akibadilisha springi za viti vya watu. Karakana yao, waliyokuwa wakilala humohumo, ilipobomolewa, yeye na mkewe walihamia kwa shemeji yake. Mke alipofariki, ushemeji nao ukaisha. Mwenyewe alieleza hivyo bila kumlaumu mtu: "Undugu una mwisho wake, dada. Kochi likichakaa linatolewa nje."

Mimi nafua taulo kwenye kituo hicho cha watu wanaolala nje. Asubuhi wanakuja, wanaoga, wanakunywa chai, wanaandikisha majina. Springi alipenda kuoga taratibu, na wenzake wakimgongea mlango.

"Wewe Springi! Unaoga au unajipaka vanishi?"

"Subirini, ndiyo kwanza natoa vumbi."

Kupata chumba kuna utaratibu. Unataja mahali unapolala, kisha watu wawili wa kituo wanapita alfajiri, siku wasiyokuambia. Wakukute palepale, umelala, asubuhi tatu. Wakikukosa mara moja tu, unaanza upya, na chumba anapewa anayefuata. Vyumba ni vichache, na waongo hawakosekani.

Springi alitaja baraza la duka lililofungwa, chini ya nyumba ninayokaa. Alijua nakaa pale. Mbele ya majirani hakuniita hata siku moja; aliinua vidole viwili tu, nami nikajifanya natafuta funguo kwenye mkoba. Pale mtaani nilikuwa nimesema nafanya kazi ofisini. Binti yangu naye aliwaambia hivyohivyo wazazi wa mchumba wake.

Watu wa kituo walishamkuta mara mbili. Wiki hiyo wazazi wa mchumba wakaja kutujua, na kwa kuwa wanatoka mbali ilibidi walale kwetu. Jioni binti yangu akaniita jikoni.

"Mama, yule mtu pale chini mlangoni. Wageni wanaondoka na basi la alfajiri. Mama mkwe amruke?"

Nikashuka. Springi alikuwa anatandika maboksi yake, akilinganisha pembe kama anayepima kitambaa.

"Kaka, nina wageni," nikasema. "Leo tu. Huwezi kulala kule nyuma ya soko?"

Akaweka boksi chini. "Wageni wa heri?"

"Wa binti."

"Basi hakuna neno, dada. Mlango wa heri hauwekwi gogo."

Nilijua amebakiza asubuhi moja. Ningependa kuandika kwamba nilisahau, lakini sikusahau. Nilijiambia watu wa kituo walipita juzi, hawawezi kupita tena upesi hivyo. Nikapanda ngazi haraka, nisimwone anavyobeba vitu vyake.

Walipita. Walikuta baraza limefagiwa. Nililifagia mwenyewe.

Saa nne msimamizi, mama mfupi asiyepandisha sauti, akamwita Springi dirishani. Nilikuwa nakunja taulo hatua tano kutoka pale.

"Fundi, hukuwepo."

"Sikuwepo."

"Kwa nini?"

Nikajua sasa atageuka anionyeshe kidole. Akasema, "Mbu, mama. Walizidi."

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Mbu gani hao wanaofukuza fundi? Wana nyundo?" Naye akacheka nao. Ufunguo akapewa mzee aliyekuwa nyuma yake.

Nikajikaza kisabuni mpaka saa nane. Kila taulo niliyoikunja niliikunjua tena. Mwisho nikaingia kwa msimamizi, nikafunga mlango.

"Mbu ni mimi," nikasema, nikamweleza yote.

"Ulijua amebakiza moja?"

"Nilijua."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Akasema tu, "Aliyepewa ufunguo siwezi kumtoa. Springi anaanza moja."

"Basi nimlaze kwangu. Kochi lipo sebuleni."

"Akilala ndani hata siku moja, kwenye daftari si mtu wa nje tena. Utakuwa umemfuta kabisa. Ukitaka kumsaidia, mwache alipo."

Nilimkuta uani akishona begi la mwenzake. Nikamwambia nimeshasema kwa bosi.

"Ulikuwa na haja gani? Ungefukuzwa kazi bure."

"Nisamehe, kaka."

Akakata uzi kwa meno. "Wageni walifika salama?"

"Walifika."

"Binti wamempenda?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Haya," akasema, akatunga uzi mwingine.

Akarudi barazani. Kila alfajiri nilisikia kikohozi chake chini ya dirisha langu, nami nimelala kwenye godoro. Nilimshushia blanketi, blanketi kituo hakikatazi. Binti yangu akauliza tangu lini nagawia walevi matandiko. Nikamwambia si mlevi, ni fundi makochi, na taulo anazojifutia nafua mimi, wala sina ofisi. Akaingia chumbani kwake. Wakwe hajawaambia mpaka leo, nami sina uso wa kumshurutisha.

Siku kumi na nane zikapita. Walishamkuta mara mbili tena, na asubuhi hiyo mvua ikashuka kubwa, ya upepo, maji yakaingia mpaka barazani. Nilishuka nikasimama nyuma ya mlango wa chini, mkono kwenye komeo. Nikifungua ataingia, na akiingia nimempoteza mara ya pili. Nilimsikia akivuta maboksi yake ukutani. Nikasimama hivyo mpaka miguu ikafa ganzi, nikiwaomba watu wa kituo waje, kama ninayeomba daktari.

Ndipo nikasikia viatu kwenye maji, na sauti ya mwanamke.

"Fundi? Upo?"

"Nipo," akasema, meno yakigongana.

Nikangoja waandike. Kisha nikafungua.