Gauni Lililopimwa Nikiwa Nimeinama

Nilijua kuinama kabla sijajua kusoma. Mama ndiye aliyenifundisha, na somo lenyewe lilikuwa fupi. Gari likikaribia barieri, pale wenye bunduki walipofunga barabara kwa gogo au kamba, alinifinya bega na kuninong'oneza, "Inama kidogo, mutoto yangu." Nami nikainama. Wakati ule nilikuwa mtoto wa kubebwa mapajani, hata bila kuinama hakuna ambaye angeniona, lakini mama alitaka nizoee mapema.

Sababu aliniambia nilipopata akili, mara moja tu, akiwa anachambua maharagwe na bila kuinua macho. Baba alikuwa akitoa maharagwe na viazi kijijini Bule kuja kuuza hapa mjini Bunia. Siku moja walikuwa pamoja juu ya lori, yeye na mama, na mimi mgongoni kwa mama. Upande wa Nizi wakasimamishwa. Hakuna aliyeulizwa jina wala kitambulisho. Waliangaliwa miili tu, maana waliotafutwa ni wafugaji, na wafugaji husemwa kuwa warefu. Warefu wakaambiwa wabaki kando, waliosalia wakaambiwa wapande. Mama, ambaye kwao ni Butembo na ukoo mzima ni wafanyabiashara wafupi, akaambiwa apande. Baba, mtoto wa wafugaji wa hapahapa Ituri, akabaki. Lori likaondoka.

"Kama angeinama," mama alisema, akatupa kijiwe alichokiokota katikati ya maharagwe. "Alisimama kama mulingoti. Kama angeinama tu kidogo."

Mimi sidhani kuinama kungemwokoa. Watu wale hawakuwa na tepu ya kupimia, walikuwa na hasira, na mwenye hasira haoni vizuri. Tena shangazi yangu, dada wa baba wa tumbo moja, ni mfupi kama kinu. Lakini mama aliishika imani hiyo kwa mikono miwili. Alipoona mifupa yangu inaanza kurefuka, aliingiwa na hofu ambayo mama wengine huipata mtoto akishikwa na degedege.

Nami nilirefuka, Mungu wangu, nilirefuka bila huruma. Nilimpita mama, nikawapita wajomba, nikaanza kugonga kichwa kwenye vizingiti vya juu vya milango ya watu. Shuleni waliniita poteau, yaani nguzo ya umeme, na kila asubuhi kulikuwa na mpumbavu mmoja wa kuniuliza, "Poteau, courant iko leo?" Mji wetu ulikaa gizani wiki nzima, na wao walicheka kama vile ni mimi niliyeukata umeme.

Dharau ya shule ningeivumilia. Kilichonikaa rohoni ni kwamba niliamini mwili huu utaniuza siku moja. Niliuangalia nikioga, miguu isiyokwisha, shingo ndefu, mabega mapana yaliyojikunja mbele kwa sababu ya kujificha, na niliuchukia. Nasema wazi, niliuchukia. Niliona kwamba nalala na adui ndani ya shuka moja.

Redio zilisema vita vimekwisha. Kweli soko lilijaa, pikipiki zilijaa, magari meupe ya walinda amani yalipita yakitikisa vioo vya madirisha. Lakini ilikuwa amani ya kulala viatu vikiwa karibu na mlango. Siku hiyohiyo ambayo jirani anapaka duka lake rangi mpya, watu wa Djugu waliokimbia mauaji vijijini walikuwa wakiingia mjini na magodoro kichwani. Tulicheka, tulioana, tulizaa, na sikio moja lilibaki barabarani.

Katika amani hiyo dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, akapata mchumba. Dada huyu ni mfupi, mpana, mweusi wa kung'aa, na anajipenda bila kuomba ruhusa ya mtu. Akipita mbele ya kioo cha duka la simu husimama kujisalimia. Nilimwonea wivu kuliko nilivyomwonea wivu mtu yeyote. Alikuja kwetu, akaketi, akamwambia mama mbele yangu, "Huyu ataingia mu kortej yangu. Sikuje kuomba, nimekuja kusema."

Kortej, kwa asiyejua, ni wale wasichana wanaomtangulia bibi arusi kwa mistari, wote nguo moja, wote hatua moja, wakicheza polepole kutoka mlango wa kanisa mpaka ukumbini. Mji mzima husimama kando ya barabara kuangalia nani amenona, nani amekonda, nani hajui kucheza. Mama alinitazama urefu wangu. Kumkatalia mtoto wa dada yake hakuweza. "Sawa," alisema mwisho, "lakini mumuweke katikati ya benzake."

Fundi wa nguo alikuja mchana mmoja na tepu shingoni, akatupanga ukutani uani na kuanza kutupima mmojammoja. Zamu yangu ilipofika nilisimama kama nilivyozoea, mgongo umepinda, magoti yamelegea, kichwa kimeingia mabegani. Alitaka kusema neno, akalimeza. Nilikuja kujua baadaye kwamba alidhani nina kibyongo, akaona haya kunitaja kilema changu mbele ya wasichana wengine. Huo ndio ubinadamu wetu sisi watu wa hapa, tunaona bora kumharibia mtu nguo kuliko kumuuliza swali la aibu. Akapima alichokiona, kutoka bega mpaka kifundo cha mguu, na alichokiona hakikuwa mimi mzima. Mama alikuwa amekaa mlangoni akiangalia, na uso wake ulikuwa umetulia.

Gauni lilikuja, satini ya rangi ya papai. Tulipojaribu sote pamoja lilinikaa vizuri, nikiwa nimeinama. Ila siku moja nyumbani hapakuwa na mtu. Nilijifungia chumbani kwa mama, penye kabati lenye kioo kirefu, nikalivaa tena. Sijui nini kilinituma. Nikanyoosha magoti. Nikarudisha mabega nyuma, yakalia. Nikainua shingo.

Gauni likapanda. Pindo liliacha vifundo likaenda kukaa katikati ya miundi, kiuno kikahamia mbavuni, mshono wa bega ukakaza. Lilikuwa kichekesho. Lakini ndani ya kichekesho kile alisimama mwanamke ambaye sikuwahi kukutana naye, na alikuwa mzuri. Miguu ile niliyoilaani ilikuwa na umbo, ilishuka taratibu, imara. Niligeuka upande, nikajiangalia tena. Nilitaka kucheka kwa furaha, na papohapo nikageuka kuangalia dirisha, maana mtu mzuri wa urefu ule nani asingemwona?

Sikusikia mlango wa nje. Mama aliingia, tukakutana macho ndani ya kioo.

"Inama," alisema.

"Humu ndani, mama? Nani ananiona?"

"Miye minakuona." Alishika ukingo wa kabati. "Na sikuone weye. Minamuona baba yako."

Nilikuwa na jibu la hasira mdomoni, maana mimi hasira hainichelewi. Nikaliacha. Nikainama, na gauni likashuka mahali pake.

Wiki ya arusi zikaja habari mbaya kutoka barabara ya kaskazini. Watu walisimama vikundi vikundi sokoni wakinong'ona. Wazee wa pande mbili walikaa kuulizana kama siku ibadilishwe. Mjomba mmoja akasema Bunia ukingoja utulivu ndipo uoe, utaoa ukiwa huna meno. Wakacheka, arusi ikabaki palepale. Mama hakucheka. Tangu siku hiyo hakula vizuri, na kila nilipotoka kwenda kwenye mazoezi ya kucheza alinifuata mpaka njiani kunikumbusha kwa jicho.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Tulitoka kanisani, muziki ukaanza, tukashuka barabarani kwa mistari. Mimi katikati, kama mama alivyotaka. Dada yangu alikuwa nyuma yetu na gauni lake jeupe, anatoa jasho, anatabasamu kwa kila upande. Nilicheza nimejikunja, hatua zangu fupi, macho kwenye kisigino cha aliye mbele. Nilijiambia ni barabara fupi tu, itakwisha.

Mbele ya kibanda cha mafuta walisimama vijana nisiowajua, mikono wameikunja kifuani. Labda walikuwa wanangoja wateja tu. Mmoja alinitazama kutoka kichwani, akashuka polepole mpaka miguuni, akamgusa mwenzake. Katika mji wetu kuna macho ya kukutamani na kuna macho ya kukupima, na aliyefundishwa na mama yangu huyatofautisha haraka. Haya sikuweza kuyatofautisha, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Nikainama zaidi, mpaka mgongo ukaniuma.

Ndipo ukalia mlio mmoja mkubwa, karibu kabisa.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Milango ya maduka ilibamizwa, pikipiki ziligeuzwa, kina mama walipiga kelele, na sisi kortej nzima tukajitupa ndani ya mtaro wa kando ya barabara. Nilipata nafasi katikati ya wasichana wawili, nikajikunja kidevu kwenye magoti na mikono juu ya kichwa. Nilikuwa mdogo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuwa mdogo kiasi kile, na niliomba Mungu anifanye mdogo zaidi.

Kisha nikasikia sauti ya mama. Alikuwa nyuma na kina mama wengine, sasa alikuwa anakimbia kando ya mtaro, viatu amevitupa. Alishika bega la msichana mmoja, akamgeuza uso, akamwacha. Akashika mwingine. Migongo yote ilikuwa ya rangi ya papai, yote imekunjwa sawasawa. Nilitaka kumwita, lakini niliogopa kuinua kichwa. Nilisikia mkono wake ukimshika jirani yangu wa kushoto, nikasikia anapumua kama mtu anayezama, kisha akanipita. Mama yangu mzazi alinipita hatua moja na hakunijua.

"Mutoto yangu iko wapi?" alilia. "Batu ya Mungu, mutoto yangu iko wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Akarudi, akapita tena, sasa anajikwaa. Halafu akasimama katikati ya barabara tupu, pale ambapo mtu yeyote mwenye bunduki angempata, akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Simama! Simama, nikuone!"

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anamwambia mtu mwingine, anamsihi muuaji fulani asimame. "Simama, mutoto yangu! Simama yote, nikuone!"

Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Niliweka mikono kwenye ukingo wa mtaro, nikajisukuma juu, nikanyoosha magoti, kisha mgongo, kisha shingo. Mshono wa bega ulipasuka. Pindo likapanda miundini na matope yake. Watu wote wa barabara ile walikuwa chini, wamelala au wamechuchumaa, na mimi peke yangu nilikuwa nimesimama, mzima, hakuna kilichofichika. Nilifumba macho nikangoja kupigwa.

Kilichonipiga ni mwili wa mama. Alinikumba kiunoni kwa nguvu nusura tuanguke wote wawili mtaroni. Kichwa chake kilinifikia kifuani. Alinipapasa mbavu, mikono, mapaja, akinihesabu viungo kama siku niliyozaliwa, na meno yake yalikuwa yanagongana.

Mtu mmoja akaanza kupiga kelele kutoka kona ya juu kwamba si bunduki. Lilikuwa lori la mbao, gurudumu limepasuka. Gurudumu tu. Taratibu watu wakainuka, wakipangusana vumbi, na kicheko kile cha Bunia, cha watu waliokufa kidogo wakarudi, kikasambaa barabarani. Vijana wa kibanda cha mafuta nao walikuwa wakitoka chini ya meza yao. Yule aliyenitazama alikuwa na mkojo kwenye suruali. Akainamisha uso.

"Rudini mu mistari!" dada yangu alifoka, shela limemkaa shingoni. "Arusi yangu haitalala mu mutaro!"

Nikaanza kurudi mahali pangu, katikati, na mazoea yakaanza kunikunja mgongo. Mama alinishika mkono. "Hapana," alisema. "Ukiinama hivi, minakupoteza." Akaniongoza mbele ya watu wote mpaka mwisho wa mstari, mahali wanapopangwa warefu, akanisimamisha hapo. Halafu hakuondoka. Alibaki kando yangu, peku, kitenge kimechanika, jambo ambalo hakuna kortej inayolikubali, na alinishika kiuno njia nzima, akigeuka kwa kila mlio wa pikipiki. Nami nilikuwa naogopa, sitaki kudanganya mtu, niliogopa kila dirisha na kila ukuta tuliopita, lakini sikuinama mpaka tukaingia ukumbini.