Bwawa, Beseni na Mitungi Yangu

Shule niliiona miaka miwili tu, lakini maji nayajua kwa uzito wake. Ndiyo maana mwanangu aliponiambia nichague kati ya bwawa la kuogelea na spa, mimi niliuliza maji yatatoka wapi.

Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma imeshajaa watu. Mwanangu alikuwa dereva wa shirika, anapeleka wageni kambini na kuwarudisha Lodwar wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaona wageni hao wanaweza kulala kwangu Kanamkemer, hapo hapo Lodwar. Nilikuwa na vyumba vitatu na uwanja mpana nyuma ya nyumba, na kwa kuwa kiwanja marehemu baba yake aliniachia mimi, ilibidi aniombe.

"Mama, wageni wanapenda maji. Hapa nyuma tuchimbe bwawa, ama tujenge spa."

"Spa ni nini?"

"Beseni kubwa la saruji, maji moto. Watu wanne wanakaa ndani mpaka shingoni, wanapumzika."

"Si wakae kwenye kiti?"

Alicheka. Mimi sikucheka.

"Na maji?"

"Bomba litakuja, Mama. Nimeshaandika barua. Utatuchotea kwa muda tu."

Kwa muda tu. Mimi nilikuwa nashuka mtoni mara mbili kwa siku, nainama kwenye kisima cha mchangani na bakuli, najaza mtungi, naupandisha kichwani. Magoti yalishaanza kunikataa. Bomba nilikuwa nimemwomba miaka mingi, akasema ndiyo, ndiyo, akapanda gari. Sasa lilikuwa linakuja kwa ajili ya wageni. Basi nilijua nikikataa yote mawili, bomba nalo limekwenda.

Fundi alitoka kambini na kibali chake cha kusafiri, mkimbizi wa Sudan, mrefu hata mlango wangu ulimwinamisha. Alipima bwawa kwa hatua, akapima beseni, kisha akaniona naingia na mtungi kichwani.

"Mama, mimi jenga yote, hakuna shida. Lakini maji nani iko beba?"

Mwanangu akatazama kucha zake. Yule fundi mke wake alikuwa anapanga foleni ya maji kule kambini tangu alfajiri. Alijua anachouliza.

Nikachagua beseni. Mambo ya moto na baridi sikuyafikiria. Nilichagua mzigo mdogo.

Wageni wa kwanza walifika saa saba mchana. Nilikuwa nimejaza beseni tangu asubuhi, na kwa jua letu hakuna haja ya kuni. Mgeni mmoja akatia mguu, akauchomoa haraka.

"Mama, hakuna ya baridi?"

Nani Lodwar amewahi kutamani maji moto? Nilijua hilo, lakini mwanangu hakuniuliza hilo. Wageni waliingia vyumbani wakaagiza soda.

Kiangazi chote nikawa nabeba maji, yanageuka kijani, namwaga, nabeba mengine. Hata mbuzi waliyanusa wakaenda zao kwa sababu ya sabuni niliyosugulia beseni. Barua ya bomba haikujibiwa. Siku moja nimetua mtungi tu, bado nahema, mwanangu akaja amechangamka.

"Mama, tulikosea. Tungechagua bwawa. Nitamwita fundi tena."

Sikuinuka. Nilimsogezea mtungi kwa mguu.

"Chukua."

"Niende wapi?"

"Mtoni. Bwawa lako lianze leo."

"Mama, nimevaa shati la kazi."

"Hata mimi nimevaa."

Akaenda. Nilimfuata polepole na fimbo, nikakaa ukingoni. Wanawake kisimani walipomwona walisahau bakuli zao.

"Ejok, hujambo dereva! Gari limekufa?"

"Mke amemkimbia huyu!"

"Inama, baba, inama! Maji ya hapa hayasikii honi!"

Aliinama. Mtungi kichwani ulimshinda, akauweka begani, nusu ikamwagikia shati. Akarudi mara ya pili. Ya tatu hakwenda. Alikaa kwenye ukingo wa beseni, mchanga mpaka magotini, akatazama yale maji kidogo yaliyokuwa chini. Habari ya bwawa sikuisikia tena.

Kesho yake alikwenda ofisi ya maji mwenyewe, bila barua, na akarudi huko mara kwa mara mpaka wakachoka naye. Bomba lilifika kabla ya mvua. Maji yanakuja siku mbili, yanapotea tatu, kwa hiyo beseni nimelifunika kwa mabati, naweka akiba humo. Wageni walikwenda kulala kwingine.

Magoti hayakurudi. Kutoka mlangoni mpaka bombani ni hatua kumi, na hizo kumi nazigawa: natembea tano, nasimama, kisha tano.