Nilivyopokea wakwe kwenye mbuga ya viboko Rusizi, vita ikiwa bado haijaisha

Wakuu, amani kwenu nyote, wa zamani na wageni.

Juzi kijana mmoja kaandika humu kwamba kwenda mbugani ni shughuli ya Wazungu na watu waliokosa kazi. Nilisoma nikakasirika. Naandika kwa kidole kimoja, na shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo mwenye haraka apite. Ila chumvi sitatia. Haya yalinipata mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa milango ya chuma, Cibitoke, ule mtaa wa Bujumbura, siyo mkoa. Nilianza kuchomelea nikiwa sina viatu. Nyumba nimejenga mwenyewe, watoto nimesomesha mwenyewe. Sikuomba mtu.

Mwaka ninaousema vita ilikuwa imechoka lakini haijalala. Leo mabomu, halafu wiki nzima kimya.

Binti yangu Espérance alikuwa muuguzi kwenye zahanati. Akapendana na kijana mwalimu, anaitwa Fabrice, mtu wa Carama.

Hapo ndipo palipokuwa na shida.

Kwa wasioijua Bujumbura: miaka ile mitaa iligawanyika kwa kabila. Kabla ya vita mimi nilikuwa naishi huko upande wa Carama, nikafukuzwa na mke na watoto, tukatoka na godoro moja. Baba yake Fabrice, Mzee Salvator, yeye alikuwa anaishi huku kwetu Cibitoke. Naye akafukuzwa. Kila mtu akakimbilia kwa watu wake. Mimi niliapa sitakanyaga tena kule. Yeye aliapa hatakanyaga tena huku.

Sasa posa kwetu inaletwa nyumbani kwa binti. Mzee Salvator akatuma ujumbe kwamba Cibitoke haji, hata abebwe. Nikajibu kwamba basi na binti simpeleki Carama kama mzigo wa viazi.

Miezi ikapita hivyo, wazee wawili tumenuna.

Espérance akaja karakana kwangu, akasubiri nizime mashine.

"Papa, mi nimechoka kungoja. Mukishindwa kukutana, nitaenda kwake hivi hivi, bila posa, bila harusi."

Akaondoka bila kupandisha sauti. Wakuu, angepiga kelele ningejua la kujibu. Ile sauti ya chini ilininyima usingizi. Kwetu binti akiondoka hivyo, baba yake hana mlango tena. Na mimi ndiye fundi wa milango.

Shemeji yangu Gaspard, kaka wa mke wangu, ndiye aliyeleta wazo. Mbuga ya Rusizi, ile ya kwenye njia ya Gatumba, ilikuwa imeanza kupokea watu siku za utulivu. Akasema twende kule, maana kule hakuna mtaa wa mtu, wenyeji ni viboko tu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Mzee Salvator akakubali.

Kabla sijaendelea, mjue desturi. Siku ya posa baba wa binti haongei, na baba wa kijana haongei. Kila upande una msemaji wake. Sisi wenye watoto tunakaa kama mabubu. Na neno haliwi neno mpaka watu wanywe pamoja kinywaji kilicholetwa na upande wa kijana. Bila kinywaji, hamkuzungumza kitu.

Msemaji wangu alikuwa Gaspard. Wao walikuja na katekista mmoja mwenye maneno kama mvua ya Aprili. Tukakutana katikati ya mji, tukapanda pikapu yangu sote, pamoja na kreti ya bia na dumu la pombe ya ndizi. Wanajeshi wa bariera wakatuonya: jioni njia inafungwa, mkichelewa mtalala na viboko.

Njia nzima mimi na Mzee Salvator hatukutazamana.

Tulipofika, wasemaji wakabaki kwenye gari chini ya kivuli wapange nani ataanza. Sisi wazazi haturuhusiwi kusikia mipango hiyo. Mlinzi wa mbuga akasema basi atutembeze kidogo, tuone mto unavyoingia ziwani.

Nitawaambia ukweli. Miaka yote nimeishi Bujumbura, sikuwa nimewahi kuuona mji wangu kwa mbali. Mbele ziwa, ng'ambo milima ya Uvira imesimama kama ukuta. Nikageuka nyuma: ile milima iliyokuwa inatupigia mabomu, kutoka pale ilikuwa ya buluu tu, imetulia, na mji umelala chini yake kama mtoto. Mzee Salvator naye alikuwa amegeuka.

Kurudi sasa. Tukakuta kiboko jike ametoka kwenye matete na mtoto wake, amesimama katikati ya njia, anakula majani. Gari lilikuwa nyuma yake. Tuliliona vizuri kabisa.

Mlinzi akatukalisha kwenye kichuguu cha mchanga. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mwenye mtoto hasogelewi, tungoje aondoke mwenyewe. Kisha akajisogeza pembeni kumchunga.

Basi tumekaa. Wazee wawili wasiopendana, desturi imetufunga midomo, midomo yetu ya kukodi imebaki kwenye gari.

Jua likaanza kushuka. Mimi nawaza bariera, nawaza binti yangu. Nikaona tukirudi hivi hivi, Espérance anafunga nguo zake.

Mzee Salvator ndiye aliyeanza, macho kwa kiboko.

"Ule muti wa parachichi, nyuma ya kanisa, ungali?"

Nikashtuka. Mti naujua. Nyumba yenye mti huo naijua, mlango wake nilitengeneza mimi. Siku hizo alikuwa anaishi humo mjane mmoja na watoto wake, naye alifukuzwa kwingine.

"Ungali," nikasema. "Unazaa mpaka yanaoza chini."

"Nilipanda mi. Fabrice alikuwa anatambaa."

Nikamuuliza na mimi kama kile kisima cha karibu na kwangu, kule Carama, bado kina maji. Akasema kina maji, na kwamba mtu aliyechukua nyumba yangu ameng'oa bati, siku hizi analima hapo maharage. Hakunificha. Nikampenda kwa hilo, maana mimi mwenyewe sipendi kufichwa.

Tukaongea. Kuhusu posa hatukugusa hata neno, desturi tuliishika. Tuliongea majirani, nani amekufa, nani yuko kambini Tanzania, nani amerudi. Kuna jina alilitaja, nikalia. Kuna jina nililitaja, naye akafuta macho kwa kofia.

Kiboko akamaliza kula, akamsukuma mtoto wake, wakaingia majini.

Tukakimbilia gari. Na tulichokuta kule, wakuu, ndicho sitasahau. Wasemaji wetu walikuwa wamemuona kiboko, wakajifungia ndani kwa hofu, na katika kujipa moyo wakanywa. Kreti tupu. Dumu limebaki povu. Gaspard amemkumbatia katekista, anamwita ndugu yake wa tumbo moja, na katekista anatoa hotuba ya posa kwa usukani.

Nikasimama pale nimekauka. Kinywaji kimekwisha, kwa hiyo posa haikuwepo. Safari yote bure. Nilitaka kuwatupa wote wawili kwa viboko.

Mzee Salvator akatazama kreti, akatazama mlima wa upande wa mji, akavaa kofia yake.

"Bamwana," akaniambia. Ndivyo baba wa mume na baba wa mke wanavyoitana kwetu, baada ya mambo kukamilika, siyo kabla. "Jumamosi nitaleta kinywaji kingine. Nitapita kwanza niuone ule muti, kisha nije kwako."

"Mi nitakungoja hapo kwenye muti," nikasema. "Tutaingia wote."

Tulifika bariera ikiwa inafungwa. Wanajeshi walipowaona wasemaji wetu walicheka, wakatupisha.

Jumamosi alikuja. Mjane alimchumia kapu zima la parachichi. Mtaa ulitoka kuangalia, na hakuna aliyemgusa. Tukanywa kwangu, na neno likawa neno.

Amefariki miaka mitatu iliyopita, bamwana wangu. Nilikwenda kumzika Carama, kwa miguu yangu mwenyewe.

Nilichojifunza: wanaopatanisha watu wasiwapeleke ofisini kwenye viti. Wawakalishe mahali pasipo pa mtu, pawe na kitu kikubwa kinachowazuia kuondoka.

Kijana wa juzi, hiyo ndiyo faida ya mbuga. Na wengine mliooa au kuozesha wakati wa vita, ninyi mlifanyaje? Andikeni, nitasoma zote hata nikijibu polepole.