Feri ya Kaptembwo

Enzi zetu, na naongea kama mzee wa miaka kumi na sita, mvua ikinyesha mtaani kwetu Kaptembwo barabara yetu iligeuka ziwa. Watoto wa siku hizi wakiona dimbwi wanapiga picha. Sisi tulianzisha feri.

Chombo kilikuwa mkokoteni wa baba, ule wa kubebea viazi vya Molo, bado unanuka udongo. Binamu yangu Shiku alikuwa ametoka kutembea Mombasa, akatuletea sheria za feri ya Likoni: magari yanaingia kwanza, watu baadaye, na kapteni habishiwi. Kapteni nilikuwa mimi. Otis alivuta, wengine wakasukuma, maji magotini. Nauli ilikuwa mandazi moja, ama nusu kama ni moto.

Siku ya kufunga shule akatokea Mwalimu Moraa wa darasa letu, amebebwa na Kiprono wa boda. Mkononi alikuwa na bahasha: ripoti yangu. Alikuwa anampelekea mathe, mama yangu, yeye mwenyewe, kwa sababu ile ya muhula uliopita "ilipotea" njiani. Na mathe alikuwa ameshaapa, "Ukishika mkia tena, Desemba yote utalala na kuku."

"Kapteni, hii kitu itabeba piki?" Kiprono akauliza.

"Imebeba hata ng'ombe," nikadanganya.

Tukafuata sheria: pikipiki kwanza, halafu mwalimu nyuma yake. Lakini feri ya Likoni haisimami kwa magurudumu mawili. Tulipofika katikati uzito ukaenda nyuma, mikono ya mkokoteni ikapanda juu, na Otis akapanda nayo, ananing'inia kama soksi kwa kamba. Bahasha ikamponyoka mwalimu, ikatua juu ya mkokoteni karibu na mguu wangu. Teke dogo tu iingie majini, na Desemba yangu ingekuwa tamu.

"Wewe mtoto, mimi sijui kuogelea," mwalimu akasema, maji yenyewe ya magoti.

Sijui ni nini kilinishika. Niliingiza bahasha ndani ya shati, nikarukia mikono, nikaning'inia kando ya Otis. Feri ikashuka, ikatulia, tukafika ng'ambo wakavu.

Nyumbani mathe akafungua ripoti: wa arobaini na moja kati ya arobaini na wawili. Wa mwisho alikuwa Otis. Mathe akaniangalia.

"Mama, huyu ndiye amenivusha," mwalimu akawahi kusema.

Mathe akashusha pumzi. Mimi nikashusha zaidi, halafu nikala chapati tatu.

Siku hizi kuna lami na mtaro. Ndugu yangu mdogo anaendesha feri ya gemu kwa simu na hajawahi kulowa hata kidole. Matokeo yangu nayo yanaingia kwa simu ya mathe kabla sijatoka getini, na hakuna mwalimu wa kuvusha.