Sanduku Lililodaiwa Kubeba Mbu

Kwa miaka tisa, mji mzima wa mlimani ulimdhulumu msusi mmoja kwa kumtwisha kosa ambalo hakuna mahakama yenye akili timamu ingelisikiliza: kwamba alipoletwa kutoka bondeni kama bibi harusi, alikuja na mbu ndani ya sanduku lake la nguo. Aliyetunga shtaka hilo ni mama mkwe wake, mfumaji wa masweta, ambaye watu walimwita Mama Sufu kwa sababu ya nyuzi zilizomganda hata kwenye nyusi.

Ushahidi ulikuwa mmoja tu. Kabla ya harusi mbu hawakuwapo. Baada ya harusi wakawapo. Kwa mantiki hiyo, jogoo ndiye anayelichomoza jua.

Mama Sufu hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloudhi. Masweta hayauziki pasipo baridi. Kukiri kwamba mbu walipanda mlima wenyewe kulikuwa sawa na kukiri kwamba mlima umepata joto, na kukiri hilo kulikuwa sawa na kufunga duka. Kati ya kuipoteza kazi na kumpoteza mkamwana, alichagua lililo rahisi. Hivyo adhuhuri kali ilimkuta mlangoni amevaa koti zito, jasho likimtiririka, akiwaambia wapita njia, "Leo baridi ya mifupa. Jistirini."

Msusi aliyajua mabadiliko kwa mikono yake. Alipoanza kazi mjini pale, mafuta ya nywele yaliganda kwenye kopo hata akalazimika kuyaweka karibu na jiko kabla ya kusuka. Sasa yalimwagika kama maji. Mvua zilirefuka, na mashimo ya wafyatua matofali yakajaa maji yaliyopashwa na jua. Lakini neno likirudiwa mno humwingia hata asiye na hatia. Kila Jumamosi alilitoa sanduku uani, akalikung'uta, akazichungulia pembe zake, isije ikawa kweli.

"Shoga, nisuke, ila usinifungie mbu humo," mteja mmoja alimchokoza.

"Mbu wangu wana adabu," alijibu bila kuinua macho. "Hawaingii nyumba yenye chawa."

Mumewe, fundi redio, alikuwa na njia moja ya kuamua ugomvi wa mama na mke: kukumbuka ghafla redio inayomsubiri karakanani.

Ndipo, baada ya mvua ndefu, msusi alipomkuta mkwewe dukani amevaa masweta matatu, meno yakigongana, uso uking'aa kwa ushindi.

"Si niliwaambia? Baridi imerudi."

Nje, watu walikuwa wakijipepea kwa magazeti. Msusi akamgusa shingo, akakuta moto. Mtetemo ule aliufahamu. Ulimtembelea utotoni kama shangazi asiyebisha hodi.

"Mama, hii si baridi. Hii ni malaria. Twende zahanati."

"Malaria ni ya kwenu. Huku kwetu tuna baridi. Nani kapimwa kwa sababu ya baridi?"

Mkwe angeshangilia hivyo siku chache zaidi, masweta yangekuwa sanda yake. Tena mji ungesema mbu wa sandukuni wamemuua mwenye nyumba. Basi msusi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akakubali.

"Kweli, mama, imerudi. Hata wauguzi wa zahanati wanatetemeka. Wanataka masweta, ila hawawezi kuwaacha wagonjwa waje dukani kupimwa."

Mama Sufu akainuka, utepe wa kupimia shingoni, akatangulia mbele huku akiyumba.

Zahanatini, muuguzi ambaye msusi alikwisha kumkonyeza alisimama wima, akapimwa mabega na mikono. Kisha akasema, "Sasa zamu yangu kukupima, bibi," akamtoboa kidole.

"Mimi sihitaji sweta la kidole."

Majibu yalipotoka, tabibu, ambaye siku zote alishikilia kwamba mlimani hakuna malaria, aliivua miwani, akaivaa tena. Hayakubadilika.

"Bibi, umesafiri kwenda bondeni?"

"Sijashuka mlima huu tangu nizaliwe. Nikafuate nini huko, joto?"

"Basi umeambukizwa hapahapa." Akaeleza kwamba zamani mbu aliyefika huku alikufa kabla vijidudu vya malaria havijakomaa mwilini mwake, maana baridi ilivichelewesha, sasa joto linaviwahisha.

"Kwa hiyo si sanduku langu," alisema msusi, kwa upole ulionolewa kwa miaka tisa.

Mama Sufu alimeza vidonge, kisha akameza kitu kingine kigumu zaidi.

"Sanduku lenyewe," akasema hatimaye, "lilikuwa dogo mno kwa mbu wote hawa."

Katika ukoo ule, huko ndiko kuomba radhi.

Alipopona, hakukaa bure. Alifuma chandarua cha sufu, kizito kama blanketi, chenye matundu ambayo mbu alipita bila kuinama. Mkamwana alikitazama kwa heshima zote, akakitandika sakafuni kuwa zulia, kisha akamletea mkwe wake kitambaa cha neti na cherehani.

Tangu tarehe 14 Machi 2022, kibao cha duka kinasomeka "Masweta na Vyandarua", na zahanati humpima malaria kila mwenye homa bila kumuuliza ametoka wapi.