Furushi la Mama Mkwe

Cheni ya pikipiki ilikatika jua likizama, kando ya Ziwa Rukwa, na niliyempakia nyuma yangu alikuwa mama mkwe. Kwetu Mbozi, kwa desturi ya wazee wake na wangu, mkwe hatumtazami usoni, hatuli naye, hatumgusi, wala hatusemi naye moja kwa moja. Vijana wa Tunduma wanatucheka. Waache wacheke.

Tulikuwa tunamfuata mke wangu. Baada ya kumzika mtoto wetu aliondoka nyumbani, akaenda kukaa kwa dada yake kwenye kambi ya wavuvi, na simu zangu akawa hapokei. Mama mkwe alipotuma ujumbe kwamba tutafuatana, nilifurahi kupita kiasi. Niliamini mama akisema neno, binti atarudi. Alikuja na furushi kubwa lililofungwa kwa shuka, akaliweka katikati yetu ili hata nguo zetu zisigusane. Sikumuuliza lina nini, mkwe haulizwi. Nikajipa moyo kuwa ni maharage ya kumbembelezea bintiye.

Cheni niliiunga kwa waya, lakini giza lilishaingia na taa yangu ni ya kubahatisha. Ikabidi tulale hapohapo, mbali kidogo na maji kwa kuwahofia mamba. Nilimtandikia turubai upande wa barabara, mimi nikajilaza upande wa ziwa, pikipiki ikasimama katikati. Ziwa lilikuwa kimya mno, na ukimya ule ulinikera. Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mke wangu, na kila nikiyapanga yanavurugika.

Mbu wakaja. Sisi wa milimani hatuwawezi mbu wa kule. Nikawa najipiga makofi kama mwehu.

“Wewe pikipiki,” nikasikia upande wa pili, “mwambie mkwe ajifunike. Mbu watammaliza.”

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Furushi likafunguliwa, nguo ikawekwa juu ya kiti cha pikipiki. Nikaivuta, nikawasha tochi ya simu. Kilikuwa kitenge cha mke wangu, nilichomnunulia mwenyewe upande wa Zambia. Alikiacha chumbani kwetu, ndani ya sanduku lake.

Ndipo nikamkumbuka shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alivyokuja wiki iliyopita kunifagilia nyumba hadi chumbani, na nilivyomshukuru.

Nilikaa na kile kitenge magotini. Roho iliniuma. Hasira nazo zilikuwepo, lakini nimkasirikie nani?

“Pikipiki,” nikasema, “muulize mama kama mwanaye atarudi.”

Turubai lake likachakarika.

“Sijui, baba,” akasema. Safari hii hakupitia kwa pikipiki. “Mimi nimeagizwa nguo tu.”

Asubuhi aliliacha furushi karibu na gurudumu, akasogea pembeni. Nilikikunja kitenge, nikakirudisha ndani, nikalifunga kwa mpira na kulikaza kuliko jana. Akapanda. Tukaondoka, furushi likiwa katikati yetu, na mimi ndiye niliyekuwa nalipeleka.