Kitanda Kilichopimwa

Juzi nilimwona jirani akipima chumba cha wanawe kwa futi kamba, nikakumbuka kitanda changu cha utotoni.

Baba, fundi seremala, alikuwa ameondolewa kwenye kibanda chake cha kazi Chang'ombe. Mchana mmoja aliingia chumbani kwangu akinuka vumbi la mbao za mninga, akapima kitanda changu mara mbili. Alipotoka, nami nikakipima kwa viganja. Niliona tayari napelekwa kwa shangazi, chumba kipangishwe.

"Baba, nikiondoka, mie naondoka na godoro langu."

"Uende wapi, mama? Uani mvua, sebuleni wageni. Benchi langu litakaa hapa."

"Na mie?"

"Juu yake."

Jioni kitanda kilisimama kwa miguu mirefu, benchi la kazi chini yake. Kabla ya kulala nilikipima tena. Hakikupungua hata kidole.